Nyumba ya Nyanya, Ardhi ya Mwenyewe: Kisa cha Mchoro Mmoja wa Majengo, Mombasa

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa usanifu majengo, binti mzaliwa wa Mombasa, alitakiwa na chuo chake abuni makazi ya bei nafuu yasiyoumiza mazingira. Wenzake wengi walichagua viwanja vya kufikirika huko Mtwapa na Vipingo, viwanja vitupu visivyo na jirani, mpangaji wala deni. Yeye alichagua nyumba ya nyanya yake Majengo, ndani ya kisiwa. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za mtaa ule: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi mwembamba unaotoka mlango wa mbele hadi uani, baraza mbele, choo na jiko nyuma. Kuta ni za miti na udongo, nje zimepigwa plasta ya simiti. Paa ni la mabati, nayo yameshaliwa na hewa ya bahari. Nyanya anakaa chumba cha mbele, wajukuu wako cha pili, na vinne vilivyobaki vina wapangaji.

Mimi niliombwa kumsaidia vipimo, na baadaye kukaa pamoja na jopo lililomsikiliza akiitetea kazi yake. Majina nayaacha, maana kodi ya ardhi bado inalipwa na wahusika bado wanasalimiana njiani.

Nakieleza kisa hiki kwa sababu kinagusa jambo ambalo mazungumzo ya majengo rafiki kwa mazingira hapa Pwani hulikwepa. Huwezi kuamua nyumba ijengwe kwa nini kabla hujajua imesimama kwenye ardhi ya nani.

Mchoro wa kwanza

Mchoro wa kwanza ulikuwa mzuri, na nasema hivyo bila kejeli. Alitengeneza mfano wa kadibodi na njukuti za mnazi, na paa akalipinda kwa kufuata mwendo wa ukili unaposukwa. Kuta alizikusudia za matumbawe na chokaa, dari za boriti, na ndani akachora zidaka za kuwekea taa na vitabu. Ukuta unaotazama njia akaufunika kwa mimea kutoka chini hadi juu.

Hoja yake ilikuwa na uzito. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe na hadi leo imesimama. Mji wa Kale, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka kwa nyanya yake, una nyumba za mawe na chokaa zilizopita mikononi mwa vizazi. Simiti nayo huokwa kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi. Hewa ya ukaa hutoka kwenye moto, na hutoka tena kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapovunjika, hata viwanda vya simiti hukisiwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Chokaa ya kujengea hutosheka na nyuzi kama 900. Kwa hesabu hiyo, kurudi kwenye ujenzi wa wazee kulionekana kuwa jibu.

Ila wazee walijengea mji mdogo. Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Mombasa watu 1,208,333. Seremala mmoja mzee alimtajia binti huyu madaraja ya miti ya mikoko inavyouzwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Vyumba vya nyumba za mawe za kale ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa huo ndio upana ambao boriti huweza kuubeba na dari juu yake. Sasa chukua idadi ya boriti za nyumba moja uizidishe kwa mtaa mzima. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, wakataji mikoko wa Lamu walikuwa miongoni mwa walioumia. Na Gazi, upande wa Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 huwaletea wanakijiji fedha kwa kuiacha mikoko isimame. Boriti ya leo si mti wa bure wa pwani.

Kuna na suala la joto, ambalo vijana wengi wa usanifu huliazima vitabuni bila kulipima. Binti alikuwa na picha nyingi za shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, kazi ya Francis Kéré iliyokamilika 2001. Kéré ndiye Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, mwaka 2022. Shule ile ina kuta nene za matofali ya udongo, na mabati yameinuliwa mbali na dari ili upepo upite katikati. Kule Gando hali ya hewa ni kavu, usiku hupoa sana, na ukuta mnene hupata nafasi ya kutapika joto lililoingia mchana. Mombasa usiku haupoi kiasi hicho. Machi, saa nne za usiku, ukuta mnene uliopigwa na jua la alasiri bado unamrudishia joto aliyelala karibu nao. Cha kuchukua kutoka Gando, kwa maoni yangu, ni lile paa. Kuta waachiwe wenyewe.

Ukuta wa mimea sikuusemea sana. Nyanya alimaliza kwa swali moja: maji ya kuumwagilia yatatoka mtungi wa nani?

Jua na upepo

Hapa nitakwenda haraka. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili, karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini, juu kiasi cha nyuzi 63. Desemba liko kusini, nyuzi 71 hivi. Maana yake dirisha la urefu wa mita 1.2 linaloelekea kaskazini hukingwa na ukingo wa paa wa sentimita 62 tu, na la kusini hutosheka na 42. Mashariki na magharibi ukingo haufui dafu, maana jua huja likiwa chini. Mwongozo alioutumia mwanzo uliandikwa kwa nchi za kaskazini ya dunia, na ulimwambia madirisha makubwa yatazame kusini. Ushauri huo ni wa watu wanaolitafuta jua.

Bahati ya nyumba hii ni kwamba pande zake ndefu ziko kaskazini na kusini. Mbele ni magharibi, uani ni mashariki. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hivyo pepo zote mbili huingilia uani na kutokea barazani. Ukumbi ule mwembamba ndio njia yao.

Na ndipo alipogundua, akiwa amekaa ukumbini na daftari lake jioni moja, kitu ambacho familia imekivumilia miaka yote: jiko la makaa liko uani, upande unaotoka upepo. Moshi wote wa chakula cha jioni hupitia ukumbini, ukagawanywa vyumbani. Wapangaji hufunga milango, na wakifunga milango wamejifungia na joto. Ugunduzi huu wa daftari nauthamini kuliko lile paa la ukili.

"Tunapokanyaga si petu"

Siku alipompelekea nyanya mfano wa kadibodi, bibi aliugeuza, akachungulia ndani kwa jicho moja, akasema:

"Mashallah, umependeza. Na mwenye ardhi umemuuliza?"

"Kwani nyumba si yetu, nyanya?"

"Nyumba ni yetu, mwanangu. Tunapokanyaga si petu."

Msomaji wa Mombasa anajua habari hii. Kwa wengine, nyumba bila ardhi ni utaratibu wa miaka mingi katika kisiwa na vitongoji vyake: mtu mmoja ana ardhi, mwingine ana nyumba juu yake, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kila mwezi kupitia wakala. Mizizi yake ni mirefu. Pwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyouotesha ikawa na mwenyewe mwingine, na nyumba ilichukuliwa vivyo hivyo. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilipokuja katika ukanda wa pwani, walioandikisha ardhi walipata hati, na wengi waliokuwa wakiishi juu yake walibaki na kuta zao.

Katika mpangilio kama huu wenye ardhi wengi hawataki nyumba ya kudumu. Ukuta wa mawe humpa mwenye nyumba madai mazito, na humpa mwenye ardhi gharama siku anapotaka kiwanja chake. Kwa hivyo miti na udongo vya Majengo visisomwe kama ufukara peke yake. Ni sharti la mapatano lililogeuka kuta. Binti alikuwa amechora nyumba ya matumbawe ya kukaa miaka mia, juu ya ardhi ambayo ruhusa yake ni ya mwezi hadi mwezi.

Alinyamaza kwa siku kadhaa, kisha akarudi na swali lililonifurahisha: je, nyumba inaweza kuwa imara na bado ikafunguliwa, ikapakiwa, ikahamishwa?

Mchoro wa pili

Tangu hapo kazi ikawa ya useremala. Badala ya mikoko alichagua mvinje, mti unaolimwa na wakulima wa Kilifi na Kwale na kuvunwa ungali mchanga. Mombasa ina historia na mti huu. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kuotesha miti katika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha simiti cha Bamburi, mvinje ni miongoni mwa michache iliyokubali kuishi kwenye mwamba ule mkavu wa chumvi, na majongoo wakaletwa kuyala majani yake na kuyageuza udongo. Leo mahali pale panaitwa Haller Park. Mti ulioponya shimo la simiti kutumika badala ya simiti ni wazo ambalo jopo lingelipenda, lakini yeye hakuliandika popote. Alisema bei ndiyo iliyomvuta.

Mvinje una kasoro zake. Ni mgumu, na ukikauka hupasuka na kujipinda. Fundi aliyeletwa alipigilia msumari wa inchi nne kwenye nguzo ya kwanza, ikachanika hadi katikati. Binti akamwomba watoboe kwanza kwa keekee, kisha wafunge kwa bolti na nati. Fundi akacheka: "Bi mdogo, bolti ni za gari." Walitoboa. Kila kiungo kikawa na bolti mbili na washa pana upande wa mti, zote za chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa bolti ya kawaida hapa kisiwani haichukui muda kuota kutu na kung'ang'ania. Bolti isiyofunguka ni msumari wa bei ghali. Kwa hiyo aliongeza grisi kwenye nyuzi za kila moja, jambo dogo ambalo halikuonekana kwenye mchoro wowote.

Mchwa alikuwa adui wa pili. Desturi ni kupaka oili chafu ya gari, na fundi alikuwa na dumu lake tayari. Binti alikataa kwa sababu sumu yake huingia ardhini, na uani kuna kisima. Wakatumia chumvi ya boraksi. Dawa hiyo huoshwa na maji, hivyo nguzo lazima ziwe chini ya paa pana na zisiguse ardhi. Zikasimamishwa juu ya vitako vifupi vya simiti vyenye mkono wa chuma. Ndiyo, simiti ilirudi, kiasi cha ndoo chache. Mtu anayekuambia amejenga mjini bila simiti hata chembe, mwombe akuonyeshe msingi.

Udongo wa kuta za zamani ulipondwapondwa, ukaloweshwa, ukakandikwa upya kwenye fito. Hapa ndipo alipoipiga vita plasta ya simiti, na alikuwa na haki. Udongo hufura na kusinyaa kwa unyevu, simiti haikubali kucheza nao. Hufanya nyufa, maji ya mvua yakaingia nyuma yake, na ukuta ukaoza huku kwa nje unaonekana mzima. Plasta ya chokaa na mchanga hupumua pamoja na udongo, na ikiharibika hurekebishwa na mtu yeyote mwenye brashi.

Paa likawa la mabati, lililoinuliwa juu ya dari ya jamvi kwa nafasi ya mkono mmoja, wazi upande wa mashariki na magharibi. Makuti yangekuwa baridi zaidi, lakini kwenye nyumba zilizobanana kiasi kile cheche moja ya jiko ni janga la mtaa. Nyanya aliuliza kuhusu panya. Swali lile halikuwamo kwenye orodha ya masuala endelevu ya chuo, ila nyumba yoyote yenye dari mbili Mombasa italijibu, kwa mchoro au kwa kilio. Wavu wa waya mwembamba ukawekwa kila penye uwazi.

Kilichomsumbua zaidi ni stara. Katika nyumba za zamani za udongo kiambaza cha chumba hakifiki paani, na juu yake hewa hupita chumba hadi chumba. Kwa jamaa wa nyumba moja hilo ni sawa. Wapangaji wasiojuana walikuwa wamejaza nafasi zile kwa kadibodi, magunia na leso kuukuu. Binti aliweka luva za mbao zilizolazwa ili jicho lisipenye, akidhani amemaliza. Mpangaji mmoja, mama mwenye mtoto mchanga, akamwambia bila kuzunguka kwamba tatizo lake ni sikio: jirani yake anarudi usiku wa manane na redio. Ikabidi mpangilio ubadilike. Kuta kati ya chumba na chumba zikafungwa hadi juu. Hewa ikaachiwa kuingia kwenye ukuta wa nje na kutokea ukumbini, juu ya mlango. Ukumbi ukapewa uwazi wake chini ya paa. Upepo unapungua nguvu kidogo kwa njia hiyo, na nadhani ni bei halali. Uwazi ambao mpangaji atauziba wiki ya kwanza hauna kazi.

Kilichojengwa, na kilichosemwa

Fedha zilitosha uani tu: jiko na vyumba viwili. Naona ndipo palipostahili kuanza, kwa ajili ya ule moshi. Jiko lilisogezwa pembeni, nje ya mstari wa ukumbi, na kupewa uwazi juu ya paa unaotoa moshi kabla haujashika njia ya ndani.

Paa la sehemu hiyo lina ukubwa wa kama mita 45 za mraba. Mombasa hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukitoa moja ya tano kwa kupotea, unabaki na lita 36,000, sawa na mitungi 1,800 ya lita 20. Nyingi hushuka mvua za mwaka, yaani masika, kilele chake Mei, kwa hivyo tangi la lita 5,000 hujaa likamwagika na baadaye likakauka. Hata hivyo, katika mji ambao maji yake husafiri kutoka Mzima na Baricho na mara kwa mara hukatika njiani, nyanya alilipenda tangi kuliko kitu kingine chochote. Gata zenyewe amezikabidhi kwa wajukuu: mvua ya kwanza ya kuosha paa isiingie tangini.

Mbele ya jopo mambo hayakuwa mepesi. Mmoja alimwuliza, "Ubunifu uko wapi hapa? Hii si nyumba ile ile?" Swali lilikuwa la haki kwa mtu aliyekuwa akitazama picha ya mbele, kwani mbele hakuna kilichobadilika. Ninachowalaumu wenzangu ni kwamba mchoro wa kwanza, ule wa ukuta wa mimea usio na maji juu ya ardhi isiyo na ruhusa, ulikuwa umesifiwa mwaka uliotangulia na wengi wao. Tunawafundisha wanafunzi kuchora miti kwenye kuta, halafu tunawapunguzia alama wakituletea bolti. Alipata alama za wastani.

Wakala wa mwenye ardhi alifika uani ukiwa umekwisha. Alizunguka, akagonga nguzo, akainama kutazama vitako, akauliza kama hii ni nyumba ya kudumu. Binti hakubishana. Alimpa karatasi iliyoambatana na mchoro wake: orodha ya kila nguzo kwa namba iliyopakwa rangi kwenye mti wenyewe, idadi ya bolti, karatasi za mabati, tangi, luva, pamoja na maelezo ya kipi kinafunguliwa kabla ya kipi. Aliiandika ili kuwarahisishia mafundi. Wakala aliisoma yote, akasema, "Kumbe hii ni mali inayohesabika," akaomba nakala.

Kwa nyanya karatasi ile imekuwa na thamani ambayo hakuna aliyeipanga. Ikitokea siku kiwanja kinatakiwa, kilicho chake kimeandikwa kipande kwa kipande, na kinaweza kupandishwa gari. Mwenye ardhi ameukubali uani kama ulivyo, kwa sharti kwamba vitako visiongezwe. Mjomba mmoja wa familia bado anataka ghorofa ya blok na anaona haya yote ni mchezo wa kitoto. Kuhusu vyumba vya mbele jibu halijaja, na nyanya amemwambia mjukuu wake aanze kupima vivyo hivyo, ili orodha ya pili iwe tayari kabla ya mvua za mwaka.